Likizo ya baiskeli kwenye vilima vya Uingereza: Cotswolds, Yorkshire Dales au pwani hadi pwani?

Ukiacha Scotland na Wales, kilele kirefu kuliko vyote Uingereza ni Scafell Pike, mita 978 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Arusha wenyewe uko juu kuliko hapo. Ndiyo maana mtu aliyezoea kuendesha baiskeli Limuru au Lushoto, akionyeshwa tangazo la safari ya siku tano "kwenye vilima vya Uingereza", huwa hashtuki. Hushtuka akishafika. Barabara za vijijini kule ni za zamani kuliko magari. Zilikuwa njia za wakulima, kondoo na mikokoteni, na hakuna aliyejisumbua kuzizungusha mlimani ili kupunguza makali. Zinapanda moja kwa moja, mita mia mbili au tatu za mwinuko ambao gari lenyewe hubadilisha gia, zinashuka ghafla hadi darajani, kisha zinapanda tena. Mpanda baiskeli humalizwa na marudio hayo.

Hapa nalinganisha sehemu tatu ambazo mtu anayetafuta safari ya kuongozwa hukutana nazo mara kwa mara. Ya kwanza ni Cotswolds, magharibi ya Oxford. Ya pili ni Yorkshire Dales, kaskazini. Ya tatu ni ile njia maarufu kwa jina la C2C ("coast to coast", yaani pwani hadi pwani), inayoanzia Whitehaven au Workington kwenye Bahari ya Ireland, ikapita eneo la maziwa la Lake District na milima ya Pennines, ikaishia Sunderland au Tynemouth kwenye Bahari ya Kaskazini. Ninaposema safari ya kuongozwa namaanisha kundi dogo, kiongozi anayeijua njia, mizigo inayotangulia kwa gari, na mtu wa kuziba pancha pale mikono yako ilipoganda kwa baridi.

Vigezo kabla ya majina

Matangazo huanza na mandhari. Mandhari ni nzuri kote kutatu, kwa hiyo hayakusaidii kuchagua. Nitazitazama sehemu hizi kwa aina ya milima, umbo la siku, barabara zenyewe, hali ya hewa, chakula na malazi, kisha usafiri na gharama.

Kati ya hivyo, viwili vya mwanzo ndivyo vinavyoamua kama utarudi ukisifia au ukilalamika. Kwa milima nina kipimo changu rahisi: chukua jumla ya mita za kupanda kwa siku, gawanya kwa kilomita. Ukipata chini ya 10, hiyo ni siku ya starehe. Ukipata 15, utatoka jasho. Ukipata 20, hiyo ni siku ya mlima hata kama umbali wote ni kilomita 45 tu. Mwandalizi anayekutajia kilomita bila mita za kupanda hajakuambia kitu, mwombe tena. Na ukitumiwa ramani ya Ordnance Survey, wachora ramani wa taifa, tafuta mishale midogo juu ya barabara: mmoja ni mwinuko wa asilimia 14 hadi 20, miwili pamoja ni zaidi ya asilimia 20.

Aina ya milima

Cotswolds ni bamba kubwa la mawe ya chokaa lililoinamia upande mmoja. Ukingo wake wa magharibi na kaskazini-magharibi ni mkali, pale Broadway, Winchcombe na Cleeve Hill, ambacho kwa mita 330 ndicho kilima cha juu kuliko vyote huko. Kutoka kwenye ukingo huo ardhi inateremka polepole kuelekea kusini-mashariki na Mto Thames, ikifuata vijito kama Windrush, Coln na Evenlode. Kwa hiyo jina moja limebeba likizo mbili tofauti. Ratiba inayozunguka Burford, Bibury na Bourton-on-the-Water ni ya upole, ina vilima lakini vinasameheka. Ratiba inayokushusha hadi Broadway kula chakula cha mchana na kukurudisha Chipping Campden jioni inakudai deni la ukingo mzima ukiwa umeshiba. Zote mbili zitauzwa kama "Cotswolds, kiwango cha wastani".

Yorkshire Dales ni mambo mengine kabisa. Mabonde yake yalichongwa na barafu, yana sakafu pana iliyolala na kuta zilizosimama. Siku nzima unaweza kufuata mto bila taabu, hadi ratiba ikuambie uvuke kwenda bonde la pili. Hapo ndipo kazi ilipo. Kutoka Hawes, katika bonde la Wensleydale, kwenda Swaledale unapanda Buttertubs hadi mita 526. Kutoka Hawes kwenda Wharfedale unapanda Fleet Moss hadi mita 589. Unauona mlima tangu asubuhi ukinywa chai, unajua utakutana nao saa ngapi, na ukishaumaliza umeumaliza. Kwa akili ya mpandaji, hilo ni jambo kubwa. Kuna watu wanaoweza kuvumilia kilima kimoja cha dakika arobaini lakini wakaishiwa moyo kwenye vilima kumi vya dakika nne. Watu hao ni wa Dales, hata kama namba za kupanda ni kubwa kuliko za Cotswolds.

Buttertubs ina umaarufu wake. Tarehe 5 Julai 2014 Tour de France ilianzia Leeds, ikapita hapo kabla ya kumalizia Harrogate, na watu walijipanga ubavuni mwa mlima ule kama uwanja wa mpira. Aliyevaa namba moja siku ile, bingwa wa mwaka uliotangulia, alikuwa Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeanza mbio za baiskeli Kenya. Siku chache baadaye alianguka na kujitoa. Baiskeli zilizopakwa rangi ya njano kwa ajili ya mbio zile zilibaki zimetundikwa kwenye kuta za vijiji kwa miaka.

Njia ya pwani hadi pwani ni kama kilomita 225, na milima yake imepangwa kwa zamu. Kwanza Whinlatter kabla ya Keswick. Kisha, ukishavuka bonde la mto Eden, unaanza Hartside, mita 580. Huu ni mpando mrefu wenye kona na mwinuko usiobadilika sana, na kati ya yote niliyoyataja ndio unaofanana zaidi na barabara zetu za milimani, hivyo aliyekulia nyanda za juu atajikuta nyumbani. Baada yake inakuja Pennines yenyewe, Nenthead na Allenheads, na hapa ndipo wengi hukokota baiskeli kwa mguu: mipando mifupi mikali, moja baada ya nyingine, ikiwemo Black Hill, mita 609, sehemu ya juu kuliko zote kwenye mtandao wa taifa wa njia za baiskeli. Siku ya mwisho kutoka Consett ni mteremko mtupu.

Wengi wakisikia Lake District wanaiwazia Hardknott, ile barabara yenye mwinuko wa asilimia 33. C2C haipiti huko. Ukiona Hardknott kwenye ratiba ya "kifamilia", uliza mara mbili.

Umbo la siku

Cotswolds inaendana na safari ya kituo kimoja: mnalala hoteli ileile, kila asubuhi mnatoka upande mwingine. Miguu ikigoma siku ya tatu, unabaki kijijini, unatembea, unanunua zawadi, na hakuna anayekungoja popote. Vijiji vimekaribiana, kwa hiyo siku ya kilomita 40 inaweza kukatwa ikawa 25 bila vurugu.

Dales huandaliwa kwa namna zote mbili. Wapo wanaoweka kambi Hawes au Grassington, wapo wanaofuata ule mzunguko wa Yorkshire Dales Cycleway, kama kilomita 210 kuanzia na kuishia Skipton, wakilala bonde tofauti kila usiku. Mimi napendelea mzunguko, kwa sababu kila mlima unaovuka unakufungulia mahali ulipotaka kwenda. Kituo kimoja Dales kina kasoro: kutoka bondeni ni kupanda, kurudi ni kupanda.

C2C haina chaguo hilo. Ni kuhama kila siku, mbele tu. Uzuri wake ni kwamba safari ina maana inayoeleweka hata na mtoto. Wapandaji wana desturi ya kuchovya gurudumu la nyuma kwenye bahari ya magharibi wanapoanza na la mbele kwenye bahari ya mashariki wanapomaliza. Ubaya wake ni kwamba ukiamka umechoka Penrith, hoteli ya usiku huo iko upande wa pili wa Hartside. Utapanda, au utaingia garini.

Barabara, magari na kondoo

Uingereza wanaendesha kushoto, kwa hiyo msomaji wa Tanzania, Kenya au Uganda hana la kujifunza. Anayetoka Kongo, Burundi, Rwanda au Oman ajihadhari kwenye mizunguko ya barabara, hasa asubuhi ya kwanza. Anayetoka Ulaya bara au Marekani ajaribu breki kabla ya kuondoka, maana baiskeli za kule zina breki ya mbele mkono wa kulia.

Cotswolds ndiyo yenye magari mengi. Bibury na Bourton-on-the-Water mwishoni mwa wiki za kiangazi hujaa watalii hadi barabarani. Kiongozi mzuri atakupitisha asubuhi mapema au atavikwepa kabisa. Vichochoro vya pembeni ni vya raha lakini ni vyembamba, na wigo wa miti pande zote mbili unakuzuia kuona trekta linalokuja.

Dales magari ni machache, ukiondoa pikipiki za wikendi. Badala ya wigo kuna kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na juu milimani hakuna hata ukuta: kondoo wamelala katikati ya lami. Utakutana pia na mabomba ya chuma yaliyolazwa kukatiza barabara ili mifugo isipite. Yapite kwa unyoofu bila kugusa breki, hasa yakiwa yamelowa. Mtu anayeteremka kwa kasi bila kulijua hilo ataligundua vibaya.

C2C ina vipande virefu visivyo na gari hata moja, kwa sababu vinapita kwenye reli za zamani zilizong'olewa: kutoka Whitehaven kuelekea milimani, kutoka Keswick hadi Threlkeld, na kutoka Consett kushuka hadi Sunderland. Kipande cha Keswick kilibomolewa madaraja na dhoruba ya Desmond mwaka 2015, kikafunguliwa tena mwaka 2020. Sehemu nyingine ni changarawe, kwa hiyo tairi nyembamba za mashindano hazifai.

Mvua, upepo na mwanga

Mvua huko hutoka magharibi, inagonga Lake District kwanza. Kijiji cha Seathwaite, bonde la Borrowdale, kinajulikana kama mahali pa watu penye mvua nyingi kuliko pote Uingereza. Kwa hiyo siku mbili za kwanza za C2C beba koti la mvua juu ya mkoba, si chini yake. Ukishavuka Pennines mara nyingi kunakauka. Na upepo huo huo wa magharibi unakusukuma mgongoni, ndiyo sababu karibu wote huiendesha njia hii kutoka magharibi kwenda mashariki. Dales hupata mvua ya kutosha, na juu ya Fleet Moss mwezi Juni unaweza kuhitaji glavu. Cotswolds ndiyo yenye unafuu kuliko zote.

Mwanga ni zawadi ambayo sisi wa ikweta hatuizoei. Katikati ya Juni huko Yorkshire jua huchomoza karibu saa kumi na nusu alfajiri na kuzama baada ya saa tatu na nusu usiku. Ukichelewa mlimani hutashikwa na giza. Kwa Mwislamu anayesali kwa wakati, kumbuka Isha inaingia usiku sana na Alfajiri inafuata upesi. Mwezi wa Mei au Septemba ni rahisi zaidi kwa usingizi.

Kula na kulala

Cotswolds inajua kupokea wageni, na inajua kuwatoza. Hoteli za mawe ya rangi ya asali, vitanda vizuri, chai ya saa kumi na skonzi zenye jamu na malai mazito. Dales ni nyumba za wageni na baa za vijijini, sahani zimejaa, na jibini la Wensleydale linalotengenezwa pale pale Hawes, ambalo wenyeji hulila pamoja na keki ya matunda. C2C ina kila ngazi, kuanzia mabweni ya wapanda baiskeli hadi hoteli za Keswick, lakini katikati ya Pennines uchaguzi ni mdogo na jikoni hufungwa mapema.

Nyama halali vijijini ni adimu kote kutatu. Mwarifu mwandalizi mapema, na usichukulie kuwa soseji ni ya ng'ombe. Ile ya Cumberland utakayowekewa asubuhi Lake District ni nguruwe. Samaki, mayai na vyakula visivyo na nyama vinapatikana kwa urahisi. Chai haitakupa shida: majani mengi ya birika za Waingereza hutoka Kenya.

Kufika na kulipa

Cotswolds ndiyo karibu. Treni kutoka London Paddington hadi Moreton-in-Marsh haimalizi saa mbili. Dales unafika Leeds, kisha treni ya pili hadi Skipton. Au unapanda ile reli ya Settle hadi Carlisle, inayovuka daraja la Ribblehead lenye matao 24, na hiyo peke yake ni nusu ya likizo. C2C ina taabu yake: inaanzia pwani moja na kuishia nyingine, treni za kwenda Whitehaven ni za polepole na nafasi za baiskeli ni chache. Hapa mwandalizi anayekuchukua na kukurudisha anaihalalisha bei yake kuliko mahali pengine popote.

Kwa malazi ya kiwango kimoja, Cotswolds huwa ghali zaidi. Kote, msafiri wa peke yake atadaiwa nyongeza ya chumba, kwa hiyo uliza kama wanaweza kukupanga na mwenzako. Mwenye pasi ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya mgeni. Usilipe bei yote kabla ya kuipata. Chagua mwandalizi ambaye amana yake inarudishwa au inahamishwa tarehe.

Baiskeli ya umeme

Si udanganyifu. Kwa sheria ya Uingereza mota isizidi wati 250, na inaacha kusaidia ukifikia kilomita 25 kwa saa, kwa hiyo kwenye tambarare unabaki wewe na pedeli zako. Haihitaji leseni, ila uwe umetimiza miaka 14. Inabadilisha hesabu za juu: Cotswolds ya ukingo inakuwa ya upole, Buttertubs inakuwa mazungumzo. Kwenye C2C tu ndipo pa kuwa makini, maana betri ikiisha Allenheads, unasukuma baiskeli nzito kuliko za wenzako.

Nani aende wapi

Kama hujawahi kupanda baiskeli siku mbili mfululizo, au unasafiri na mwenza asiyependa baiskeli kama wewe, tazama Cotswolds upande wa kusini-mashariki, kituo kimoja, Mei au Septemba. Mwenzako atapata bustani na maduka, wewe utapata kilomita zako, na jioni mtakuwa meza moja.

Kama una mazoezi na unapenda mlima mmoja wa kweli kuliko vilima vingi vya kero, au umekulia ukitazama mbio za baiskeli kwenye runinga, Dales kwa mzunguko wa siku nne au tano. Omba ratiba isiyoweka Fleet Moss na Buttertubs siku moja.

Kama unataka kusimulia kitu kwa sentensi moja ukirudi, au unachangisha fedha kwa ajili ya shule au zahanati nyumbani, pwani hadi pwani. Wenye nguvu huimaliza kwa siku tatu, lakini kwa likizo chukua nne au tano. Ni chaguo zuri pia kwa mwenye bajeti ndogo, kwa sababu ya yale mabweni.

Kama mnaishi Uingereza tayari na mna wikendi ndefu tu, umbali wa treni uamue: wa London Cotswolds, wa Leeds au Manchester Dales.

Kundi la ndugu wenye nguvu tofauti, shangazi wa miaka sitini na mpwa anayekimbia marathoni, ndilo gumu zaidi. Linaweza kwenda popote kati ya hapa endapo wanyonge watapewa baiskeli za umeme na gari la kusindikiza litabeba watu. Hilo la mwisho liulize kwa maandishi kabla ya kulipa amana: gari lina viti vingapi kwa abiria, na je, linafuata kundi njiani, au linapeleka mabegi hotelini tu na kuegeshwa hadi jioni?